Neno Lililoepukwa: Historia ya Swichi Moja na Majina ya Hitilafu za Umeme katika Gari

Katika orodha ya istilahi za ufundi wa magari iliyoletwa mezani petu ili isanifiwe, mna kipengele kimoja kilichotuchukua siku nyingi kuliko vingine vyote. Kinahusu hitilafu ya umeme ambayo hujitokeza, hutoweka, kisha hujitokeza tena bila ya kufuata saa wala mahali. Mleta orodha alipendekeza iitwe "hitilafu ya mara kwa mara". Wapo wenzetu walioona kwamba pendekezo hilo lafaa, na kwamba si vema kupoteza muda juu ya jambo ambalo fundi yeyote atalielewa. Sisi tuliona vingine, na makala hii yaeleza kwa nini.

Hatukusudii kutetea maoni yetu kwa hoja za sarufi peke yake. Iko historia ya kweli, ya miaka ya karibuni, inayoonyesha jinsi hitilafu ya aina hiyohiyo ilivyokaa ndani ya magari mapya kwa takriban miaka kumi bila ya kurekebishwa, na jinsi maneno yaliyotumiwa kuitaja yalivyosaidia kuificha. Historia hiyo si ya kwetu. Ni ya Marekani. Lakini makosa ya lugha yaliyomo ndani yake ni makosa ambayo mkuza istilahi wa nchi yoyote aweza kuyafanya, na sisi pia tumo.

Umeme waingia katika gari

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa mkono. Dereva alisimama mbele ya gari na kuzungusha hendeli, na mara nyingine hendeli hiyo ilirudi nyuma kwa nguvu ikamvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye mota ya umeme ya kuwashia injini, ambayo ilibuniwa na Charles Kettering. Mota hiyo ndiyo tuiitayo stata. Stata ilihitaji betri kubwa, betri ikahitaji chombo cha kuichaji, na hivyo gari likawa na mfumo kamili wa umeme. Mwaka 1949 kampuni ya Chrysler ilitoa magari ambayo ufunguo mmoja uliunganisha umeme na pia kuzungusha stata. Tangu wakati huo swichi ya ufunguo imekuwa mlango mkuu ambao umeme wa gari hupitia. Ikifunga, vyote vimefunga.

Kutafuta hitilafu katika mfumo huo wa zamani hakukuwa jambo la siri. Fundi alikuwa na taa ndogo ya kupimia yenye waya mmoja na ncha moja kali. Alifunga waya kwenye bodi ya gari, akagusa kwa ncha mahali anapopashuku. Taa ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, umekatika nyuma yake. Waya uliokatika hubaki umekatika mpaka uungwe, na fyuzi iliyoungua haijirudii.

Hata hivyo, hitilafu ya kuja na kupotea ilikuwapo tangu siku hizo. Ungio lililolegea, kutu penye waya wa ardhi, au waya uliochubuka unaogusa bodi kila gari lipitapo kwenye tuta: hizi zote humfanya mwenye gari aonekane mwongo mbele ya fundi. Anakuja akilalamika, na gari limekaa kimya kama lililotoka kiwandani jana. Mafundi walibuni njia za kuilazimisha hitilafu ijitokeze. Walitikisa nyaya moja baada ya nyingine huku wakitazama taa. Walipasha joto sehemu wanayoishuku, au waliipoza. Walipima volti zinazopotea kati ya pande mbili za ungio wakati umeme unapita, kwa maana ungio bovu hula volti hata kama linaonekana kushika. Na kabla ya hayo yote walimhoji dereva: lilizimika wapi, ukiwa umefanya nini, na kitu gani kingine kilizimika pamoja nalo?

Swali hilo la mwisho ni kipimo kamili, ijapokuwa halina chombo. Kama injini imezimika na taa zote zimezimika, fundi ataelekea kwenye betri na waya mkuu. Kama injini imezimika na kila kitu kingine kinafanya kazi, ataelekea kwenye mafuta au cheche. Lakini kama injini imezimika huku redio ikiendelea kulia, yambidi aitazame swichi ya ufunguo, kwa sababu hivyo ndivyo gari liwavyo ufunguo ukirudi nyuma hatua moja.

Kisha zikaja kompyuta. Mwaka 1967 gari la Volkswagen 1600 lilianza kuuzwa Marekani likiwa na mfumo wa kupulizia mafuta ulioongozwa kwa elektroniki, uliotengenezwa na kampuni ya Bosch. Mwaka 1986 kampuni hiyohiyo ilionyesha mjini Detroit njia ya kuziwezesha kompyuta nyingi za gari moja kupashana habari kwa jozi moja ya nyaya. Kuanzia magari ya mwaka 1996, sheria za Marekani zililazimisha kila gari dogo jipya liwe na plagi ya pini 16 ambayo fundi huchomeka kifaa chake na kusoma namba za hitilafu. Namba hizo ni lugha kamili. Herufi ya kwanza hutaja sehemu ya gari, na tarakimu zinazofuata hutaja kosa lenyewe. Mathalani, P0300 ni injini inayomisi bila ya kosa hilo kukaa katika silinda moja maalumu.

Jambo hili lilikuwa neema kubwa, lakini lina mpaka wake. Kompyuta huandika namba pale tu inapoona kipimo kilichotoka nje ya kiwango ilichofundishwa. Haiwezi kuandika kosa ambalo kwake ni amri. Ufunguo ukirudi kutoka mahali pa kuendeshea, kompyuta haina njia ya kujua kama umerudishwa na mkono wa dereva au na goti lake. Hutii na kulala, wala haiandiki chochote. Fundi aliyezoea kuamini namba peke yake akikuta hakuna namba, atasema hakuna hitilafu. Hapo ndipo historia yetu inapoanza.

Swichi ya Cobalt

Mwishoni mwa mwaka 2004 kampuni ya General Motors ilianza kutoa gari dogo liitwalo Chevrolet Cobalt. Swichi yake ya ufunguo ilitengenezwa na kampuni ya Delphi, na ilikwisha kutumika katika gari jingine la kampuni hiyo, Saturn Ion, lililotoka kama gari la mwaka 2003. Ndani ya swichi mna pini ndogo inayosukumwa na springi; pini hiyo huingia katika kishimo na kuushikilia ufunguo usihame. Vipimo vya kampuni vilitaka nguvu ya kuuhamisha ufunguo kutoka mahali pa kuendeshea iwe nyutoni-sentimita 20, isipungue 15 wala isizidi 25. Swichi zilizotengenezwa hazikufikia hata kiwango hicho cha chini, na mwaka 2002 zilikubaliwa hivyo hivyo. Kwa lugha nyepesi, ufunguo ulikuwa mlegevu. Goti la dereva likiugusa, au funguo nyingi zikining'inia juu yake, au gari likiingia katika shimo, uliweza kurudi nyuma hatua moja hadi mahali pa kusikilizia redio.

Hatua hiyo moja ilitosha. Injini huzimika gari likiwa mwendoni. Usukani huwa mzito kwa sababu msaada wake umeondoka, na breki hubaki na akiba ndogo tu ya msaada. Dereva akifanikiwa kuegesha pembeni na kuurudisha ufunguo, gari huwaka kana kwamba hapakuwa na lolote. Akilipeleka gereji, fundi huliwasha mara kumi nalo huwaka mara kumi. Akichomeka kifaa, hapati namba.

Malalamiko yalianza gari likiwa jipya kabisa. Waandishi wa magazeti waliopewa magari hayo kuyajaribu waliandika mwaka 2005 kwamba injini ilizimika kwa kuguswa na goti. Ndani ya kampuni uchunguzi ulifunguliwa, kisha ukafungwa Machi 2005 bila ya hatua yoyote, kwa hoja ya muda na gharama. Desemba 2005 kampuni ilituma waraka wa ufundi kwa mawakala wake. Waraka ulieleza kwamba ufunguo waweza kuhama bila ya kukusudiwa, kwamba umeme waweza kupotea, na kwamba hakuna namba ya hitilafu itakayoonekana. Mawakala walitakiwa wawashauri wenye magari wapunguze vitu kwenye pete ya funguo, na kwa mwenye kulalamika wampe kijipande cha kuziba sehemu ya tundu la ufunguo ili pete isicheze. Wenye magari waliopata kijipande hicho hawakufika 500.

Wakati huohuo lilikuwapo jambo jingine ambalo halikuhusishwa na hilo la kwanza. Katika ajali kadhaa za magari hayo, mifuko ya hewa inayotakiwa kufumka mbele ya abiria haikufumka. Msichana wa miaka 16 alifariki hivyo katika jimbo la Maryland Julai 2005. Wasichana wawili walifariki hivyo katika jimbo la Wisconsin baada ya ajali ya Oktoba 2006. Kampuni ilikuwa na watu wa kushughulikia kuzimika kwa injini, na ilikuwa na watu wengine wa kushughulikia mifuko ya hewa. Hawa wa pili walitafuta kosa katika mifuko yenyewe na kompyuta yake. Hawakujua kwamba ufunguo ukihama, kompyuta ya mifuko nayo hulala.

Mtu aliyeunganisha mambo hayo mawili hakuwa mhandisi. Alikuwa askari wa barabara kuu wa Wisconsin. Katika ripoti yake ya Februari 2007 juu ya ajali ile, alieleza kwamba swichi ilionekana kuwa mahali pa redio wakati gari lilipogonga, alitaja ule waraka wa ufundi wa mwaka 2005, na akasema kwamba hiyo yaweza kuwa sababu ya mifuko kutofumka. Nakala ya ripoti hiyo iliingia katika majalada ya kampuni mwaka huohuo. Ilikaa humo kwa miaka bila ya kuwafikia waliokuwa wakiitafuta sababu hiyohiyo.

Machi 2010 mwanamke mmoja wa jimbo la Georgia alifariki katika ajali akiendesha Cobalt ya mwaka 2005. Siku chache kabla ya hapo alilipeleka gari lake kwa wakala kwa sababu lilikuwa limezimika akiwa njiani. Wakala alisafisha mfumo wa mafuta na kumrudishia gari. Wazazi wake walifungua kesi, na mawakili wao wakamwajiri mhandisi kutoka Florida aichunguze swichi. Mhandisi huyo alinunua swichi mpya ya gari lilelile, yenye namba ileile, akaifungua na kuilinganisha na ile ya gari lililoanguka. Pini ya swichi mpya ilikuwa ndefu zaidi na springi yake ilikuwa na nguvu zaidi. Ilikuja kujulikana kwamba mwezi Aprili 2006 muundo ulikuwa umebadilishwa, na badiliko hilo likaidhinishwa bila ya kubadilisha namba ya kipuri.

Februari 2014 kampuni ilianza kuyaita magari ili yabadilishwe swichi, na kufikia mwishoni mwa Machi hesabu ilifika magari kiasi cha milioni 2.6. Mei mwaka huo ilitozwa na idara ya serikali isimamiayo usalama wa barabarani faini ya dola milioni 35 kwa kuchelewa kutoa taarifa. Juni ilitangazwa ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Anton Valukas, na wafanyakazi 15 wakaachishwa kazi. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza shauri la jinai, na mfuko wa fidia ulioundwa kwa ajili hiyo ulikubali madai ya vifo 124.

Makosa matatu ya lugha

Wengi wameieleza habari hii kama habari ya uhandisi mbaya na uongozi mbaya, na hilo ni kweli. Sisi tunaitazama kwa jicho la kazi yetu, na kwa jicho hilo tunaona makosa matatu ambayo ni ya lugha.

Kosa la kwanza ni la kuainisha. Tangu mwanzo, kuzimika kwa injini kwa sababu ya ufunguo kuhama kuliwekwa katika fungu la mambo ya usumbufu kwa mteja, hakukuwekwa katika fungu la usalama. Hoja ilikuwa kwamba gari lililozimika bado laweza kuelekezwa na kusimamishwa. Jambo lililo katika fungu la usalama hurekebishwa hata kama ni ghali. Jambo lililo katika fungu la usumbufu hupimwa kwa fedha. Kwa hiyo lebo iliyobandikwa mwanzoni, kabla ya kuijua hitilafu vizuri, ndiyo iliyoamua ni kamati ipi italijadili na kwa mizani gani. Kila aliyelipokea jalada baadaye alisoma lebo kwanza.

Kosa la pili ni la kuepuka neno. Waraka wa Desemba 2005 ulieleza habari yote isipokuwa kwa neno lile ambalo mwenye gari hulitumia, yaani kwamba gari huzimika likiwa njiani. Ripoti ya Valukas ilieleza kwamba neno hilo liliepukwa kwa makusudi, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa neno la moto litakaloyavuta macho ya wasimamizi wa usalama. Matokeo yake yako wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kutafuta neno katika faharasa. Mwenye gari anasema "limezimika". Fundi anatafuta waraka unaohusu kuzimika. Waraka upo, lakini haukujiandikisha kwa jina hilo, basi haupatikani. Neno moja likiondolewa, daraja kati ya mlalamikaji na jawabu lake limevunjwa.

Kosa la tatu ni la jina moja kubeba vitu viwili. Swichi ya kabla ya badiliko la 2006 na ile ya baada yake zilikuwa vitu tofauti vyenye namba moja. Wahandisi waliochunguza takwimu waliona jambo la ajabu: magari ya miaka ya mwanzo yalikuwa na matukio mengi ya mifuko kutofumka, na ya miaka iliyofuata hayakuwa nayo. Walitafuta tofauti wasiione, kwa maana karatasi zilisema swichi ni ileile. Sisi tulio katika kazi ya istilahi twalijua kosa hili tangu darasa la kwanza la fani yetu. Tunaonywa kwamba dhana mbili zisipewe jina moja katika uwanja mmoja. Huonekana kuwa onyo la nadharia tupu. Hapa lilikuwa tofauti ya milimita chache za pini, na watu walikufa kwa muda ambao tofauti hiyo haikuwa na jina.

Makosa haya hayakutoka hewani. Hati zilizotolewa mwaka 2014 zilionyesha kwamba mwaka 2008 wafanyakazi wa kampuni hiyo walipewa mafunzo ya uandishi ambamo maneno 69 yalitajwa kuwa ya kuepukwa katika ripoti. Miongoni mwake yalikuwamo maneno ya kawaida kabisa kama kasoro, tatizo na usalama. Mahali pa "tatizo" mwandishi aliambiwa aandike "suala" au "hali". Mahali pa "kasoro" aandike kwamba kitu hakifanyi kazi kulingana na usanifu wake. Ni haki kusema kwamba mengine katika orodha hiyo yalikuwa maneno ya kutia chumvi ambayo mhandisi hapaswi kuyatumia. Lakini mtu anapokatazwa kuandika "kasoro", haelekei kuandika jambo lilelile kwa upole zaidi. Huelekea kutoliandika kabisa.

Ni lazima pia tuwe waangalifu tusidai mengi mno. Hakuna neno lililoilegeza pini. Swichi ilikuwa mbovu kabla haijapewa jina lolote. Tunachosema ni kwamba hitilafu isiyodumu haiwezi kuonyeshwa kwa kidole wala kusomwa kwenye kifaa. Mara nyingi kitu pekee kinachobaki mkononi mwa mchunguzi ni maelezo ya mtu aliyekuwapo. Katika hitilafu ya namna hiyo ushahidi ni maneno, na anayeyachafua maneno ameuchafua ushahidi.

Funzo kwa Kiswahili

Sasa turudi mezani petu. Lugha ya gereji zetu ni tajiri, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilikuja pamoja na magari yenyewe: betri, stata, fyuzi, swichi, alteneta. Fundi wa umeme wa magari ameitwa "fundi rewaya" na jina limekaa. Hatuna sababu ya kuyafukuza maneno hayo. Tatizo liko penye majina ya hitilafu, maana hapo neno moja, "shoti", limemeza yote. Waya uliogusa pasipostahili ni shoti. Waya uliokatika nao ni shoti. Ungio lililolegea ni shoti. Hata gari lisilowaka kwa sababu isiyojulikana husemwa lina shoti. Katika ofisi, neno hilo hugeuzwa kuwa "hitilafu ya umeme", ambalo ni refu zaidi na lina habari chache vilevile. Ni namba moja kwa swichi nyingi.

Tunapendekeza neno "shoti" libaki, lakini libaki kwa maana moja tu: umeme uliopata njia ya mkato isiyokusudiwa. Njia ya umeme iliyoachana na iitwe "mkatiko". Ungio linaloshika kwa udhaifu na liitwe "mguso hafifu". Dhana hizi tatu hupimwa kwa njia tatu tofauti, na fundi anayejua anatafuta ipi kati yake hatabadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Kuhusu kipengele kilichotuleta hapa, tunalikataa pendekezo la "hitilafu ya mara kwa mara" kwa sababu husema uongo. "Mara kwa mara" ni jambo linalotokea kwa wingi. Hitilafu tunayoizungumzia yaweza kutokea mara moja Januari na mara ya pili Aprili. Mwenye gari akiulizwa na karani kama ni mara kwa mara, atajibu kwa uaminifu kwamba sivyo, na karani ataandika kwamba hakuna tatizo. Tulifikiria pia "hitilafu ya vipindi", kwa mfano wa homa za vipindi, ambazo humpanda mgonjwa nyumbani na kumwachia afikapo zahanati. Mfano ni mzuri, lakini kipindi kina mwanzo na mwisho unaotarajiwa, na hitilafu hii haitarajiwi.

Jawabu lilikuwamo ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili kina uradidi, yaani kurudia kitenzi ili kuonyesha tendo linalokuja na kuondoka pasipo mpango. Mtu asiye mzima wala mgonjwa wa kulala kitandani twasema "anaumwaumwa". Na dereva wa gari lenye hitilafu hii, kabla hajafundishwa istilahi yoyote, husema "linazimazima". Hakuna anayemsikia asiyemwelewa: halisemwi kuwa limezimika moja kwa moja, wala halisemwi kuwa ni zima. Kwa msingi huo tunapendekeza "hitilafu ya kuzukazuka" iwe istilahi ya dhana kuu, na "kuzimazima" iwe istilahi ya dalili ya injini inayozimika na kuwaka tena bila ya kurekebishwa. Ya pili si istilahi tuliyoiunda, tunaiidhinisha tu.

Kutokana na historia tuliyoieleza, tunapendekeza pia kanuni tatu kwa wale watakaozitumia istilahi hizi.

Ya kwanza ni kwa watumishi wa serikali wanaosimamia magari ya ofisi. Maneno ya dereva yaandikwe kama alivyoyasema kabla ya kuandikwa istilahi yoyote. Akisema "linazimazima kwenye matuta lakini redio inaendelea kulia", sentensi hiyo yote iingie katika daftari. Ikifupishwa kuwa "hitilafu ya umeme", ushahidi umetupwa na imebaki lebo. Kadhalika gari lisitazamwe kuwa zima kwa sababu tu ni jipya. Cobalt zilianza kuzimazima zikiwa na harufu ya kiwandani.

Ya pili ni kwa wafasiri. Waraka wa ufundi unaotafsiriwa uwe na neno la mlalamikaji mahali fulani ndani yake, ikiwezekana katika kichwa. Kama maandishi ya asili yamelikwepa neno hilo, mfasiri hana ruhusa ya kuongeza habari, lakini ana wajibu wa kumwuliza aliyemtuma. Mfasiri aliye mwaminifu kwa ukwepaji wa mwandishi amekuwa mshiriki wake.

Ya tatu ni kwetu sisi wenyewe. Istilahi iliyokwisha kuchapishwa ikibadilishwa maana, ipewe alama ya mwaka wa badiliko, hata kama badiliko ni dogo kama urefu wa pini. Na kila istilahi ya hitilafu ifuatane na maneno ya kawaida ambayo watu huitumia dhana hiyo, ili anayelijua neno la barabarani afike kwenye neno la kitabuni, na wa kitabuni aweze kurudi barabarani.

Walimu wa vyuo vya ufundi wanaosoma makala hii watakuwa na maneno mengine kutoka katika karakana zao, na huenda yakawa bora kuliko yetu. Tunawaomba wayalete kabla orodha haijafungwa, pamoja na maelezo ya dalili ambayo kila neno hutaja. Mpaka hapo, katika rasimu iliyo mezani, mahali palipoandikwa "hitilafu ya mara kwa mara" tumepapiga mstari, na juu yake tumeandika "hitilafu ya kuzukazuka, tazama pia: kuzimazima".